Choa cha ndama: sindano haitibu fangasi



Umeona ndama mwenye mabaka ya mviringo, manyoya yamenyonyoka, na juu yake kuna magaga ya kijivu kama majivu? Mara nyingi mabaka hayo huanza kuzunguka macho, masikioni na shingoni. Huo ni ugonjwa wa choa, ambao wengine huuita mashilingi. Wengi wakiuona hukimbilia sindano. Fedha huondoka, mabaka hubaki.

Kwa nini sindano haisaidii

Choa huletwa na fangasi wanaoishi kwenye manyoya na tabaka la juu la ngozi. Oksitetrasaiklini huua bakteria. Ivermektini huua minyoo na utitiri wa ukurutu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoua fangasi. Na kama uliyemchoma oksitetrasaiklini ni ng'ombe anayekamuliwa, itabidi umwage maziwa kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa. Hiyo ni hasara mara mbili.

Hakikisha kwanza ni choa

- Choa: mabaka ya mviringo yenye magaga makavu; mnyama hajikuni sana.
- Ukurutu: mnyama hujikuna mno, ngozi huwa nene na yenye makunyanzi.
- Ugonjwa wa ngozi wa wakati wa mvua: manyoya hushikamana kama brashi, magaga mazito hujaa mgongoni. Huu huletwa na bakteria, na ndio unaohitaji antibiotiki.

Ukiwa na shaka, mwite mtaalamu wa mifugo kabla ya kununua dawa.

Namna ya kutibu

1. Mtenge ndama mgonjwa.
2. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Lainisha magaga kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha yasugue taratibu bila kutoa damu. Magaga yanayotoka yachome moto.
3. Kausha, kisha paka ayodini au dawa ya fangasi utakayoelekezwa na mtaalamu. Anzia nje kidogo ya baka ukielekea katikati. Ayodini isiingie machoni.
4. Rudia kama ulivyoelekezwa, kwa kawaida kwa wiki 2 hadi 4. Usiache kwa sababu tu magaga yamedondoka. Subiri manyoya mapya yaanze kuota. Ukiacha mapema, fangasi waliobaki huanza upya.

Usitumie krimu zilizochanganywa na steroidi. Hupunguza wekundu, lakini fangasi huendelea kuenea. Usimpe mnyama vidonge vya griseofulvini kwa kubahatisha: vinaweza kumdhuru ndama aliye tumboni, na dawa inaweza kubaki kwenye nyama na maziwa.

Ndama mwenye lishe nzuri mara nyingi hupona mwenyewe baada ya miezi 2 hadi 4. Basi kwa nini tumtibu? Kwa sababu katika miezi hiyo huambukiza ndama wenzake, na huambukiza watoto wako.

Watoto wanaochunga ndama

Choa huhama kutoka kwa mnyama kwenda kwa binadamu. Mtoto anayemkumbatia ndama akimshika ili mama akamue, anaweza kupata baka mkononi, usoni au kichwani. Baka la ngozi hutibiwa kwa krimu ya fangasi. Lakini punye za kichwani hazitibiki kwa krimu peke yake, kwa sababu haifiki kwenye shina la unywele. Mpeleke mtoto kituo cha afya apewe dawa ya kumeza kulingana na uzito wake. Mara nyingi humezwa kwa wiki kadhaa, amalize zote. Mama mjamzito mwenye choa amwambie mhudumu kuhusu ujauzito wake kabla ya kupewa vidonge. Usimpe mtu dawa ya mifugo.

Usisahau zizi

Mbegu za fangasi hukaa kwenye kamba, nguzo na brashi kwa miezi mingi, hata miaka. Sugua vifaa kwa sabuni, vioshe kwa dawa ya klorini ya kufulia (sehemu 1 kwa sehemu 10 za maji), kisha vianike juani. Ndama wasisongamane kwenye kibanda chenye giza na unyevu. Watoe nje wapate jua.

Kumbuka: tibu ndama, safisha kamba, mkague mtoto. Ukiacha kimoja, choa kitarudi.