Tabia Nayo Hupimwa kwa Kiasi

Wasomaji wetu, kadi ya kliniki ya mtoto mnaijua. Muuguzi humpima mtoto kwa mizani, kisha hutia alama. Haandiki "mzima" au "mgonjwa" basi. Kadi huonyesha mtoto amefika wapi, anapanda au anashuka.

Leo tunazungumza juu ya kupima tabia ya mtu mzima. Wako watu ambao tabia zao huwatesa wenyewe na wale wanaoishi nao, mwaka hata mwaka. Madaktari huiita hali hiyo hitilafu ya nafsi.

Zamani madaktari walikuwa na mafungu yenye majina. Huyu ni wa kushuku watu, yule ni wa kujitenga. Lakini mgonjwa mmoja aliingia mafungu mawili matatu. Mwingine hakuingia hata moja, na huku anateseka! Tena jina likishamganda mtu, halibanduki.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, ya 11. Ilianza kutumika Januari 2022. Kwa orodha hiyo daktari huuliza kwanza: shida hii ni kubwa kiasi gani? Ndogo, ya kati, au kubwa? Mtu anayegombana na majirani lakini kazi yake inakwenda na rafiki wachache anao, huenda shida yake ni ndogo. Asiyeweza kuishi na mtu yeyote, kazi hazishiki, tena anajiumiza, yake ni kubwa.

Baadaye daktari hutazama tabia zenyewe: hofu na huzuni nyingi, kujitenga, kutojali wengine, kutenda bila kufikiri, au kutaka kila kitu kinyooke kama rula. Mtu mmoja anaweza kuwa na kadhaa. Hata sisi tunazo kidogo kidogo, kama chumvi katika mchuzi. Basi jamani, msianze kupimana kilabuni!

Ugomvi wa msimu mmoja si hitilafu hii. Wala si majonzi ya msiba. Kwa kawaida shida huwa imedumu miaka miwili au zaidi.

Mkimpeleka ndugu yenu hospitali, msiseme tu, "Ana roho mbaya." Mwelezeni daktari ilianza lini. Hutokea nyumbani tu, au hata kazini? Imemharibia nini? Amewahi kujiumiza, au kuumiza mtu? Hilo la mwisho msilifiche kwa aibu.