Baba Akikwambia Ubomoe Uondoke

Kesi za namna hii zinafanana. Kijana ameoa, mzee kamwonyesha kona ya kiwanja: "Jenga hapo, mwanangu." Akainua vyumba viwili, akaezeka bati, akavuta umeme. Miaka 15 baadaye wamegombana, pengine ni maneno ya wakwe, pengine ni ng'ombe aliyeuzwa bila mtu kuulizwa, na mzee anatoa mwezi mmoja: ondoa matofali yako kwenye ardhi yangu.

Kijana, ujue kwanza kwamba mali ya baba aliye hai ni ya baba. Mirathi hufunguliwa na kifo, kwa hiyo huna fungu unaloweza kumdai leo. Ile miaka 12 ya Sheria ya Ukomo, Sura 89, inayotajwa sana vijiweni kwamba ukiikalia ardhi muda huo inakuwa yako, nayo haikusaidii. Mahakama za Tanzania zimeshasema kwamba mwalikwa hageuki kuwa mwenye ardhi hata akae miaka mingapi. Lazima uthibitishe kuwa ulipewa, si kwamba ulikaribishwa tu. Hapo ndipo inapotafutwa karatasi ya daftari yenye sahihi ya mzee, mashahidi na muhuri wa mwenyekiti. Sahihi ya mama usiisahau: Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume kuigawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Na kama ni ardhi ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji nayo iwe imeridhia.

Huna karatasi? Bado unaweza kudai fidia ya ulichokiendeleza kwa ruhusa yake. Kusanya risiti za bati na saruji, mtafute fundi aliyejenga, na jirani aliyemsikia mzee akikuonyesha mpaka.

Mzee wangu, nawe sikiliza. Kumtaka mwanao aondoke ni haki yako. Kumng'olea mlango usiku ni kesi ya kuharibu mali, na polisi hawataangalia nani alimzaa nani. Mpe notisi ya maandishi. Akigoma, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021, Baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila mwafaka, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na pesa ya wakili amtafute msaidizi wa kisheria. Huduma yake ni ya bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Limebaki suala la wosia, na hapa wazee wengi huteleza. "Simtambui tena" halitoshi. Kwa wanaofuata mila za upande wa baba, Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 limetaja sababu za kumnyima mtoto urithi: kuzini na mke wa baba, kujaribu kumuua au kumjeruhi vibaya baba au mama, kutomtunza baba wakati wa njaa au ugonjwa bila sababu ya maana, kuharibu mali yake. Kutokupigia simu hakumo. Sababu itajwe, na mtoto apewe nafasi ya kujitetea mbele ya baba au baraza la ukoo; asipopewa, anaweza kuupinga wosia. Kwa Mwislamu ambaye mirathi yake itafuata sheria ya Kiislamu, wosia hauvuki theluthi ya mali, na hauwezi kumfuta mrithi.