Mali bila Daftari Hupotea bila Habari

SOMO LA MATUMIZI YA PESA NYUMBANI



Wahenga wametuachia neno hili: mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi hudhani kwamba neno hili linawahusu wenye maduka tu. Lakini tajiri akipotewa na faranga elfu tano, hata hajui kama zimepotea; maskini akipotewa nazo, watoto wake hulala na njaa. Kwa hiyo mwenye pesa chache ndiye anayehitaji daftari zaidi.

Mfano wetu tutautwaa katika Kenya. Hatusemi nchi ya Kenya, bali ile komini ya mji wa Lubumbashi, katika Kongo, inayojulikana kwa soko lake kubwa. Ninyi mnaokaa vijijini msiseme, "Hayo ni mambo ya mjini." Mwishoni tutarudi shambani, nanyi mtaona kwamba shida ni ile ile.

1. Zamani nani aligawa pesa?

Zamani, mfanyakazi wa kampuni ya shaba, Union Minière, alipewa nyumba katika kambi, posho ya unga, matibabu, na shule ya watoto wake. Mambo makubwa ya nyumbani yalikuwa yamekwisha gawanywa na kampuni kabla ya mshahara kufika mkononi. Gécamines, kampuni ya serikali iliyoifuata tangu mwaka 1967, iliendelea na desturi hiyo kwa miaka mingi.

Baadaye kampuni ikadhoofika. Mwaka 2003 ulianza mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi wakipewa fungu moja la pesa. Wengine walinunua nyumba, wengine walilipa madeni, wengine walianzisha biashara ndogo. Na wengi waliona pesa zimekwisha mapema kuliko walivyotazamia. Tusiwahukumu. Walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara, na wadai walikuwa mlangoni. Lakini tujifunze jambo hili: zamani kampuni iligawa kwa niaba yao, sasa kila nyumba lazima igawe yenyewe.

2. Namna ya kuandika

Nunueni daftari moja la shule na kalamu. Kila jioni, kabla ya kulala, andikeni mambo matatu: tarehe, kitu kilichonunuliwa, na bei yake. Msingoje mwisho wa juma, kwani mambo madogo husahaulika upesi. Asiyejua kusoma amwambie mtoto wake amwandikie.

Baba na mama waandike katika daftari moja. Ikiwa baba anaficha mshahara, na mama anaficha deni la dukani, daftari litakuwa na maandishi mengi pasipo kuwa na ukweli.

3. Kugawa katika mafungu

Kuandika peke yake hakutoshi. Orodha ndefu ya chumvi, sabuni na mafuta haimwambii mtu neno. Lazima kila tumizi liwekwe katika fungu lake. Tuseme kuna nyumba moja huko Kenya: baba anabeba mizigo sokoni, mama anauza mboga. Kwa juma moja wanapata faranga 120,000. Baba husema sikuzote, "Chakula ndicho kinachotumaliza." Wanaandika siku saba, kisha wanajumlisha hivi:

Chakula na makala: 66,000
Nyumba (akiba ya kodi): 20,000
Njia na simu: 21,000
Watu (matanga, wageni, michango): 9,000
Afya: 4,000
Shule: 0
Jumla: 120,000

Tazameni vizuri. Chakula ni kingi kweli, lakini ni unga wa bukari, sombe na samaki kidogo. Hapo hakuna cha kupunguza. Basi waangalie fungu la njia na simu. Njia ni faranga 1,500 kwa siku, nayo ni lazima, maana ndiyo njia ya kazi. Lakini simu nayo inakula 1,500 kwa siku: 500 asubuhi, 500 mchana, 500 jioni. Hakuna aliyeziona, kwa sababu zilitoka kidogo kidogo. Kwa juma ni 10,500. Wakipunguza mpaka 500 kwa siku, wataokoa faranga 7,000 kila juma, na kwa majuma kumi ni 70,000. Lile fungu la shule lililokuwa sifuri limepata pa kuanzia. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2019 serikali ya Kongo ilitangaza masomo ya msingi katika shule zake kuwa bure. Lakini mtoto wa sekondari huhitaji malipo, na asiyelipiwa hurudishwa nyumbani.

Huko Japani, mwaka 1904, mwandishi wa magazeti mwanamke aitwaye Hani Motoko alichapa daftari la hesabu kwa ajili ya mama wa nyumbani, ili ayaone matumizi yake kwa mafungu. Hata leo Wajapani wengi wanaifuata desturi hiyo kwa kalamu na karatasi.

4. Faranga na dola

Katika Lubumbashi pesa za namna mbili hutumika pamoja. Wazee wanakumbuka sababu yake: mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikabadilishwa kwa faranga 1. Watu walijifunza kuiogopa noti ya nyumbani. Kwa hiyo wenye nyumba wengi hutaka kodi kwa dola, hali mpangaji anapata faranga.

Turudi katika nyumba yetu. Tuseme kodi ni dola 30 kwa mwezi, na dola moja inauzwa faranga 2,500. Kodi ni faranga 75,000. Wao wanaweka 20,000 kila juma, yaani 80,000 kwa majuma manne; wanalipa na kubakiza 5,000. Lakini dola ikipanda mpaka 2,800, kodi imekuwa 84,000. Mwenye nyumba hakuongeza hata dola moja, lakini wao wamepungukiwa na faranga 4,000.

Basi andikeni kila deni kwa pesa ile ile mtakayolipia. Na deni likiwa la dola, msilimbikize faranga mpaka mwisho wa mwezi; nunueni dola kidogo kidogo kila mpatapo. Mzitazame vizuri noti zenyewe, maana noti ya dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa.

5. Mtaji na likelemba

Pesa ya kununulia mboga za kesho si pesa ya nyumbani. Mama auzaye aiandike katika ukurasa wake peke yake. Wachuuzi wengi hawashindwi na wateja. Wanakula mtaji pasipo kujua.

Hali kadhalika likelemba. Watu kumi wakichanga kila juma, yule wa zamu ya kwanza hupokea fungu kubwa. Asilihesabu kuwa faida: sehemu yake kubwa ni deni kwa wenzake tisa, naye atalilipa majuma tisa yanayofuata. Yule wa mwisho anapokea akiba yake mwenyewe.

6. Na sisi wa kijijini?

Mkulima auzaye mahindi baada ya mavuno anafanana na yule mfanyakazi wa mwaka 2003: anapokea fungu moja la pesa, na hakuna wa kumgawia. Basi kabla ya kulifungua, aandike: mbegu na mbolea, chakula cha miezi ya mvua ghala likiwa tupu, shule, dawa, madeni. Kinachobaki ndicho cha kununulia nguo na redio.

Daftari halizai pesa. Ambaye mapato yake hayatoshi, daftari litamwonyesha kwamba hayatoshi. Hata hivyo litampa neno la kusema mbele ya mwajiri au mdai, naye hatamlaumu tena mkewe bure kwa ajili ya unga.

MASWALI

Swali: Nani anahitaji daftari la matumizi?
Jibu: Kila mwenye nyumba, na mwenye pesa chache zaidi ya wote.

Swali: Kwa nini tunagawa matumizi katika mafungu?
Jibu: Ili tuone ni wapi pa kupunguza na ni wapi tumesahau.

Swali: Pesa ya likelemba ya zamu ya kwanza ni nini?
Jibu: Kwa sehemu kubwa ni deni.

Kazi ya juma hili: andikeni siku saba bila kuruka hata moja, kisha jumlisheni kila fungu, baba na mama mkiwa pamoja.