Jiwe Lizimalo Nyota

Mwaka 2004 wataalamu wa nyota waliliona jiwe kubwa lizungukalo jua, upana wake yapata mita 340, wakaliita Apophis. Wakahofu lisije likaipiga dunia mwaka 2029. Hofu hiyo iliondoka upesi, ila ya mwaka 2068 ikabaki, maana njia yake haikujulikana barabara.

Basi walivizia lipite mbele ya nyota ambayo mahali pake pamekwisha kupimwa. Tarehe 7 Machi 2021, huko Marekani, watu walisimamisha darubini zao palipotazamiwa kupita kivuli chake. Nyota ikazimika, ikawaka tena, kabla mtu hajapepesa jicho! Aliyeona hayo alijua kwamba wakati ule jiwe lilikuwa katikati ya jicho lake na nyota. Mwezi uo huo, kwa vipimo vya radari hasa, ikatangazwa kwamba halitaipiga dunia kwa miaka 100.