Mama wa Mowlem, toka na mtoto wako

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 23, ninaishi Mowlem. Mtoto wangu wa kwanza ana miezi minne na ananyonya tu. Kuanzia sasa hadi Krismasi tumejaa shughuli. Siku ya Mashujaa tunaenda Arboretum na marafiki. Kisha kuna bathidei ya mtoto wa rafiki yangu juu ya ghorofa, mwisho wa Novemba tunafunga chama, na Desemba tunaenda kwa kina mume wangu Busia. Mama mkwe anasema mtoto atapigwa na upepo apate nimonia, nikae naye ndani mpaka afikishe mwaka. Majuzi kwenye sherehe nilienda msalani, kurudi nikapata ameshalambishwa keki na soda. Tena kuna jambo lingine. Nikiwa na wenzangu niko sawa, lakini nikirudi nyumbani nalia na sijui kwa nini. Je, niache kutoka?

JIBU: Usiache. Mtoto wa miezi minne aliyepata chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, anayenyonya vizuri na kuongeza uzani, hana sababu ya kufungiwa chumbani. Na kati yenu wawili, mwenye haja kubwa ya kutoka ni wewe.

Kwa desturi zetu, mwanamke akijifungua huzungukwa na mama, shangazi na majirani mpaka arobaini ipite. Huyu anamkanda, yule anampikia uji, mwingine anabeba mtoto ili mzazi apate kulala. Huko kwenu Mowlem mama wa kwanza anaweza kuwa orofa ya nne peke yake na mtoto, tangu mume anapotoka alfajiri kukwepa msongamano wa Outer Ring hadi anaporudi usiku. Hao marafiki wa chama ndio wamekuwa shangazi zako wa mjini. Atakayekutenga nao, hata kwa nia njema, anakunyima kitu ambacho mwili na akili yako vinakihitaji sasa hivi.

Mama mkwe usimpuuze, maana hofu yake ina msingi. Nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi wa chini ya miaka mitano hapa Kenya, na huenda ameona akizikwa mtoto aliyemjua. Anapokosea ni kwenye chanzo cha ugonjwa. Nimonia huletwa na virusi na bakteria vinavyotoka kwenye pumzi, mate na mikono ya watu. Upepo wa Arboretum hauna nimonia. Mtu mwenye mafua anayembusu mtoto mdomoni ndiye anayeweza kumpa.

Wala kukaa ndani hakumkingi kama tunavyodhani. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi walifuatilia familia moja moja ili kujua watoto wachanga wanapata wapi kirusi kiitwacho RSV, ambacho hushambulia sana mapafu ya watoto wadogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto walioambukizwa walikipata humo humo nyumbani, na mara nyingi waliokileta ni kaka na dada zao wanaokwenda shule. Kwa hiyo kwenye bathidei wa kuangaliwa ni wale wageni wadogo wa darasa la kwanza na la pili. Kila mmoja wao atataka kumshika beibi. Waache wamshike miguu, wasimguse uso, na wanawe mikono kwa sabuni kwanza. Mwenye kikohozi, mafua au vipele, mkubwa kwa mdogo, amsalimie kwa mbali. Kuhusu vipele usione haya kuwa mkali, kwa sababu chanjo ya surua hutolewa akifika miezi tisa, na mwanao bado hajaipata.

Kuna jambo lingine linalotokana na hofu hiyo ya baridi, nami huliona kila siku. Saa saba mchana, jua la Oktoba liko utosini, mtoto analetwa akiwa na vesti, sweta mbili, marvin na shali nzito iliyomfunika hadi puani. Ukimfungua unakuta jasho linatiririka, uso umeiva na analia bila kunyamaza, halafu mama anaambiwa mtoto ana homa. Mvike nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe, basi. Ukitaka kujua kama anasikia baridi au joto, mguse nyuma ya shingo. Vidole vyake vinaweza kuwa baridi ilhali mwili uko sawa. Vuli ikianza kunyesha mtafutie pa kujikinga na umbadilishe nguo zilizolowa. Ukimbeba kwa leso, uso wake uonekane na kidevu kisikandamizwe kifuani, apate kupumua vizuri.

Akikohoa, jifunze kumhesabia pumzi kabla ya kukimbilia duka la dawa. Subiri atulie au alale. Inua vesti yake, weka saa ya simu, kisha tazama tumbo likipanda na kushuka kwa dakika moja kamili. Kwa mtoto wa kati ya miezi miwili na mwaka mmoja, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Ukizipata hizo, au ukiona nyama iliyo chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au amekataa kunyonya, au amelegea, au ametukutika kwa degedege, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mama Lucy Kibaki haiko mbali nanyi. Usimpe dawa ya kikohozi iliyobaki kwa jirani.

Ninachokiogopa kwenye hizo sherehe kuliko upepo ni moshi. Majirani wa jalala la Dandora mnaijua harufu yake jioni, na hewa hiyo mapafu ya mtoto tayari yanaivuta bila hiari. Usimwongezee moshi wa jiko la nyama choma na wa sigara. Huko juu ya ghorofa, kaa upande ambao upepo unaondoa moshi, mbali na ukingo wa paa na mbali na spika. Ikiwa lazima upaze sauti ili jirani yako wa kiti akusikie, kelele hiyo imezidi kwa masikio ya mtoto.

Sasa keki na soda. Kama siku hiyo hakutapika wala kuharisha, na ananyonya kama kawaida, tone lile limepita salama, usiendelee kujilaumu. Lakini lisirudiwe. Mpaka afikishe miezi sita chakula chake ni maziwa yako peke yake. Hata maji hahitaji, hata kwenye jua kali, kwa sababu sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji. Akihangaika kwa joto mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Chupa ya maji inayopita mkono kwa mkono kwenye pikiniki, na kijiko kilichosuuzwa kwa maji ya jerikani, ndizo njia za kuharisha. Asali asipewe kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata ya kulamba tu, maana inaweza kuwa na viini vinavyotoa sumu ya kupooza misuli ya mtoto mchanga.

Shida ni kwamba kwenye sherehe mtoto ni wa wote, na kila mtu anaamini kidogo hakidhuru. Kabla ya kwenda msalani mkabidhi mtu mmoja kwa jina. Usimwachie meza nzima. Mwambie mbele ya wengine, kwa sauti ya kawaida, “Huyu hajaanza kula, asipewe chochote.” Rafiki wa kweli hataona umemkosea. Ukikamua maziwa yawe kwenye chombo safi chenye kifuniko, yatumike ndani ya saa nne kama hakuna friji, na anyweshwe kwa kikombe kidogo badala ya chupa.

Nawe mnyonyeshe popote anapoona njaa. Mei 2018 akina mama waliandamana katikati ya jiji la Nairobi baada ya mwenzao kulalamika kwamba alifukuzwa mkahawani kwa sababu ya kunyonyesha. Walifanya hivyo ili wewe usipeleke mtoto chooni kula. Ukitaka kujifunika leso, jifunike. Usipotaka, hakuna kosa ulilofanya.

Hukuuliza kuhusu pombe, lakini chama kikifungwa chupa hufunguliwa. Kiwango cha pombe kwenye maziwa hufuata kile kilicho kwenye damu yako, na hata kukamua na kumwaga hakuiondoi haraka. Salama zaidi ni kutokunywa. Ukinywa chupa moja ya bia, ngoja angalau saa mbili kabla ya kunyonyesha, na chupa mbili ni saa nne. Stauti haiongezi maziwa, yeyote aliyekuambia hivyo amekupotosha. Na usiku huo usilale kitanda kimoja na mtoto, kwa sababu mlevi aliyelala hasikii amemlalia nani. Hili halina mjadala.

Safari ya Busia nayo ina hatari ambayo Mowlem hamna, malaria. Mtoto wa Nairobi hana kinga aliyoijenga mwilini dhidi yake, na chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2019 hutolewa katika kaunti za magharibi zenye malaria nyingi, Busia ikiwemo, hivyo watoto wa huku hawamo kwenye ratiba hiyo. Nunueni neti yenye dawa mwende nayo, alale ndani yake kila usiku, na jioni mvikeni nguo za kufunika mikono na miguu. Homa yoyote mkiwa huko apimwe siku hiyo hiyo. Mkirudi, homa hata ya wiki tatu baadaye, mwambie daktari mlitoka Busia. Daktari wa Nairobi asiyejua hilo anaweza kutibu mafua huku malaria ikiendelea. Wakati huo mtoto atakuwa amefikisha miezi sita, basi mpeleke akapate tone lake la vitamini A, na uanze uji wa wimbi, ndizi na viazi vitamu vilivyopondwa na yai lililoiva, huku ukiendelea kumnyonyesha. Njugu, bisi na vipande vya nyama choma havimfai, vitamkaba. Na kama umekuwa ukitegemea kunyonyesha kama njia ya kuzuia mimba, kinga hiyo huisha miezi sita, au mapema zaidi hedhi ikirudi. Zungumza na muuguzi kuhusu njia nyingine kabla ya safari.

Nimeliacha la kulia hadi mwisho kwa sababu linahitaji nafasi yake. Uliliweka chini kabisa ya barua, baada ya keki na upepo, na akina mama wengi hufanya hivyo hivyo. Siku chache za machozi baada ya kujifungua ni kawaida, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Wewe una miezi minne tangu ujifungue. Kilio kinachoendelea kwa zaidi ya wiki mbili, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, kuona huwezi kazi ya umama, kukosa hamu ya vitu ulivyovipenda, hizo ni dalili za sonona ya baada ya kujifungua. Ni ugonjwa. Haujatokana na uvivu, laana wala kutompenda mtoto, na mtu anaweza kuwa nao huku akicheka kwenye picha za sherehe. Ndiyo maana siwezi kukuambia kwamba matembezi yatakuponya. Yatakushika mkono, lakini matibabu ni kitu kingine.

Na matibabu yapo. Mara nyingi huanza kwa mazungumzo. Kule Harare, Dkt Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa akina nyanya waliofunzwa kusikiliza watu wenye sonona kwenye benchi nje ya kliniki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Dawa zikihitajika, ziko ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia, kwa hiyo usiogope kwamba utalazimika kumwachisha mtoto ziwa. Mumeo akisoma hapa, namwomba awe anamchukua mtoto usiku akishanyonya, ili mama apate angalau saa nne za kulala mfululizo. Nawe mwambie rafiki yako mmoja wa chama, unayemwamini, yale uliyoniandikia mimi. Ukianza kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri kesho. Mwite mtu akae nawe na mwende hospitali usiku huo huo.

Kwenye kliniki ya watoto, muuguzi huchukua kitabu, huweka mtoto kwenye mizani, hutazama chanjo na kukuambia tarehe ya kurudi. Foleni ni ndefu na swali la mama mwenyewe hukosa nafasi. Kwa hiyo usingoje kuulizwa. Nenda wiki hii, kabla ya Mashujaa, na mtoto akiwa bado mikononi mwako umwambie muuguzi kwanza kwamba unalia bila kujua sababu na unataka usaidiwe.