Kikomo cha Wanafunzi wa Kigeni Canada: Ya Kujua Kabla Hujalipa Amana

Barua ya udahili ikifika nyumbani, ukoo mzima husikia. Mama mdogo anapiga simu kutoka Tanga, mjomba anaahidi tiketi, na kundi la michango la WhatsApp linafunguliwa jioni hiyohiyo. Furaha hiyo ni halali. Ila kuna jambo ambalo familia nyingi hulijua wakati pesa zimeshatumwa: barua ya udahili ya chuo cha Canada haikupi ruhusa ya kwenda kusoma Canada. Tangu tarehe 22 Januari 2024, kati ya barua hiyo na ndege kuna foleni ambayo chuo hakina mamlaka nayo, na idadi ya watakaopita hupangwa na serikali.

Foleni hiyo ina historia, na ukiifahamu utachagua chuo kwa macho mengine.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Canada, nchi yenye watu milioni 40 hivi, ilikuwa na zaidi ya watu milioni moja wenye vibali vya kusoma. Sehemu kubwa walikuwa katika jimbo la Ontario. Mwaka 2019 serikali ya jimbo hilo ilipunguza ada za wanafunzi wenyeji kwa asilimia 10, kisha ikazizuia zisipande. Vyuo vikabaki na pengo la mapato, na ada ya mgeni haikuwa na kizuizi kama hicho. Tofauti ni kubwa: kwa mwaka wa masomo 2024/2025, wastani wa ada ya shahada ya kwanza nchini Canada ulikuwa takriban dola 40,000 za Canada kwa mgeni, na kama dola 7,400 kwa mwenyeji. Mkaguzi Mkuu wa Ontario alionya mapema, Desemba 2021. Katika vyuo vya umma vya stashahada na ufundi, wageni walikuwa asilimia 30 ya wanafunzi, lakini waliingiza asilimia 68 ya ada yote. Onyo halikusikilizwa. Mwaka 2023 chuo kimoja tu, Conestoga cha mji wa Kitchener, kilipata vibali zaidi ya 30,000.

Vyuo vingine vya umma viliingia ubia na vyuo binafsi. Mwanafunzi alipewa cheti chenye jina la chuo cha umma kilichoko mji wa mbali, huku akisomea kwenye jengo la ofisi jijini Toronto. Mawakala walilipwa kamisheni kwa kila kichwa. Vijana walifika wakakuta kodi za nyumba hazishikiki, wakabanana kwenye vyumba vya chini ya nyumba za watu, na wenyeji wakaanza kuwalaumu wao badala ya waliowaita.

Je, vyuo viwekewe kikomo cha wageni? Jibu langu ni ndiyo, na nalitoa nikijua litamuumiza kijana ambaye ningependa aende. Chuo kisicho na vitanda, wala walimu wa kutosha, wala hospitali ya kuwapeleka wanafunzi wa uuguzi kwa mafunzo ya vitendo, hakina haki ya kumuuzia nafasi mtoto wa mtu aliyeuza shamba Moshi. Lakini kikomo kina adabu zake. Kitangazwe kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, kipimwe kwa uwezo wa kila chuo, na kisiwageukie waliokwisha kukaa darasani. Canada ilikosea katika la kwanza. Tangazo la kikomo lilitoka Januari 2024, majimbo yakapewa hadi tarehe 31 Machi kuandaa utaratibu, na waombaji wa muhula wa Septemba wakakutwa katikati ya safari. Ilikosea tena mwaka 2025 ilipowaingiza kwenye kikomo wanafunzi wa uzamili na uzamivu, ambao hawakuwa chanzo cha msongamano ule. Kosa hili la pili limerekebishwa tangu tarehe 1 Januari 2026.

Hesabu zenyewe zimeshuka mwaka hadi mwaka. Mpango wa 2025 ulikuwa kupokea wanafunzi wapya wapatao 305,900. Kwa 2026 ni 155,000. Nafasi zimepungua kwa karibu nusu, na mwombaji wa kutoka Mwanza au Kisumu anashindana na dunia nzima.

Sasa tuingie kwenye kazi. Karatasi ya kuanza nayo ni barua ya uthibitisho ya jimbo, ambayo wengi huiita PAL. Serikali ya Canada hugawa nafasi kwa majimbo, jimbo hugawia vyuo vyake, na chuo hukupa wewe. PAL ndiyo ushahidi kwamba umehesabiwa ndani ya mgawo huo. Anayetakiwa kuwa nayo akituma ombi bila barua hiyo, ombi hurudishwa bila kuamuliwa. Jimbo la Quebec lina cheti chake lenyewe, CAQ, kinachofanya kazi hiyo. Miongoni mwa wasiohitaji PAL ni wanafunzi wa shule za msingi na sekondari na, tangu Januari 2026, wanaokwenda kusoma uzamili au uzamivu katika taasisi za umma. Kwa hiyo mwenye shahada ya kwanza tayari, awe ameipata Dodoma, Maseno au Makerere, ana mlango mpana kuliko mdogo wake aliyemaliza kidato cha sita. Familia yenye watoto wawili wanaotaka kwenda ikae chini na ilifikirie hilo kabla ya kugawa michango.

PAL kwa kawaida huipati mwenyewe serikalini. Huombwa kupitia chuo, na mara nyingi chuo hukutaka kwanza uikubali nafasi na kulipa amana. Hapo ndipo pesa za watu hupotelea. Kabla hujatuma hata senti, kiandikie chuo barua pepe uulize: mgawo wa PAL wa muhula ninaoomba bado upo? Nikikosa PAL, amana inarudi yote? Kibali kikikataliwa, mnakata kiasi gani, na nina siku ngapi za kuwasilisha barua ya kukataliwa? Nikichelewa kupata majibu, mnaweza kunisogeza muhula unaofuata bila kunitoza upya? Majibu yawe ya maandishi, na yatoke kwenye anwani ya chuo chenyewe. Neno la wakala kwenye simu halitakusaidia siku ya kudai. PAL nayo ina tarehe ya mwisho. Usiipate ukaiweka kabatini ukisubiri mjomba auze gari.

Ukishajua hali ya PAL, tazama fedha. Kwa miaka mingi Canada ilidai mwombaji asiyesafiri na familia aonyeshe dola 10,000 za kujikimu kwa mwaka. Tarehe 1 Januari 2024 kiasi hicho kilipandishwa hadi dola 20,635, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 ni dola 22,895. Quebec ina kiwango chake. Dola hizo 22,895 ni zaidi ya shilingi milioni mbili za Kenya, na kwa shilingi za Tanzania ni milioni arobaini na kitu. Ada ya mwaka wa kwanza na nauli havimo humo. Ombi la kibali ni dola 150, na alama za vidole na picha dola 85. Utapimwa afya pia, kifua kikuu kikiwa sababu mojawapo, na lazima iwe kwa daktari aliyeidhinishwa na idara ya uhamiaji ya Canada, IRCC. Vipimo vya daktari wa mtaani kwako havitapokelewa hata akiwa bingwa.

Kuwa na fedha hakutoshi. Afisa hutaka kuona zimetoka wapi. Akaunti iliyolala miezi mitano kisha ikapokea milioni thelathini wiki moja kabla ya ombi humtia shaka, na ana haki ya kuingiwa na shaka. Sisi huku tunasomeshana kwa michango, na hakuna aibu katika hilo, ila michango isiyoandikwa haionekani mezani kwa mtu aliyeko mbali. Kama shangazi ndiye mfadhili, aandike barua akisema yeye ni nani kwako, anafanya kazi gani na atatoa kiasi gani. Aambatishe taarifa ya benki ya miezi sita, hati za mshahara au leseni ya biashara. Kama ni harambee, hifadhi orodha ya waliochanga na risiti za benki. Kama shamba limeuzwa, mkataba wa mauzo uwepo, na ukiwa wa Kiswahili upate tafsiri rasmi.

Chuo chenyewe kichunguze kama unayenunua kiwanja. Hakikisha kimo kwenye orodha ya taasisi zilizoidhinishwa kupokea wageni, iliyopo kwenye tovuti ya IRCC. Kisha uliza kuhusu kibali cha kufanya kazi baada ya masomo, kwa kuwa si kila kozi tena inakipa. Tangu Novemba 2024 mhitimu lazima pia apite mtihani wa lugha, na kwa kozi nyingi za stashahada fani yenyewe iwe miongoni mwa zile ambazo serikali imeziorodhesha kuwa zina uhaba wa wafanyakazi. Wanaojiunga sasa na kozi za ule ubia wa vyuo vya umma na binafsi hawakipati kabisa. Tena uliza kama kozi itakuwepo. Baada ya kikomo, vyuo vilivyozoea ada za wageni vimeanza kufunga madarasa. Sheridan, chuo kikubwa jirani na Toronto, kilitangaza mwishoni mwa 2024 kusimamisha kozi 40. Kozi ikifungwa ukiwa umeshapata kibali, itabidi uanze mazungumzo upya na watu wasiokujua.

Usijenge bajeti yako juu ya kazi za muda. Masomo yakiendelea, sheria inaruhusu saa 24 tu kwa wiki nje ya chuo. Na kama una mwenzi, ujue kwamba kibali cha kazi cha mume au mke sasa hutolewa hasa kwa wenzi wa wanafunzi wa uzamivu, wa uzamili wa miezi 16 na kuendelea, na wa taaluma chache. Wale wanaoambiwa "nenda kasome stashahada, mkeo atafanya kazi mlipe ada" wanaambiwa habari za zamani.

Kuhusu mawakala nasema kwa uchungu. Mwaka 2023 katika Kaunti ya Uasin Gishu, Kenya, wazazi waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa ili watoto wao waende vyuo vya Finland na Canada kupitia mpango uliosimamiwa na kaunti. Kulikuwa na ofisi, mihuri na viongozi, na bado watoto wengi walibaki nyumbani. Funzo ninalolichukua kwenye sakata lile ni moja: ada ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, kwa jina la mwanafunzi na namba yake ya udahili, hata kama anayekuomba ulipe kwingine ni mtu unayemheshimu kanisani au msikitini. Wakala wa chuo hulipwa kamisheni na chuo, kwa hiyo ushauri wake huelekea kule anakolipwa. Na kwa sheria za Canada, anayeruhusiwa kukutoza pesa kwa ushauri wa uhamiaji ni mwanasheria, mthibitishaji wa Quebec, au mshauri mwenye leseni ya baraza la taaluma hiyo, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye daftari la baraza hilo bila malipo. Tangu Desemba 2023 IRCC pia huthibitisha kila barua ya udahili na chuo husika, baada ya vijana wengi, hasa kutoka India, kugundulika kwamba walikuwa wamepewa barua bandia na wakala. Barua ya kughushi itakamatwa, na mwenye kubeba lawama ni mwombaji.

Kwa wasomaji wa Bukavu, Goma, Bujumbura, Kigali na Visiwa vya Komoro kuna njia ambayo watu wa Dar na Nairobi hawana. Agosti 2024 Canada ilianzisha mpango wa majaribio kwa wanafunzi wa nchi zinazotumia Kifaransa wanaokwenda kusoma kwa lugha hiyo katika vyuo maalumu nje ya Quebec. Kiwango cha fedha za kujikimu ni cha chini, na mwombaji halazimiki kumshawishi afisa kwamba atarudi kwao. Hilo la mwisho ni jambo kubwa, maana ndilo lililowaangusha Waafrika wengi wenye alama nzuri. Kamati ya bunge mjini Ottawa ililieleza kwa kirefu mwaka 2022. Nafasi ni chache na hutolewa kwa vyuo vilivyotajwa, hivyo uliza chuo kwanza kama kimo.

Sisi wengine bado tunapaswa kujibu swali la kurudi. Barua ya maelezo isiwe ya sifa za Canada. Eleza kozi inaungana vipi na uliyosoma au unayofanya, kwa nini haipatikani kwa namna hiyo hapa, na ukirudi nani atakuajiri au biashara gani itaendelea. Watanzania waulize tume yao ya vyuo vikuu, TCU, na Wakenya ya kwao, CUE, kama shahada ya chuo hicho itatambuliwa nyumbani. Jibu hilo lenyewe linaimarisha hoja yako.

Na kibali kikikataliwa, usitume ombi lilelile kesho yake ukitumaini afisa mwingine. Soma maelezo ya afisa. Tangu katikati ya 2025 IRCC imeanza kuyaambatisha kwenye barua za kukataa. Kama hoja ni fedha au malengo, rekebisha hapo kisha uombe upya. Kama unaamini afisa amekosea kisheria, mwombaji aliye nje ya Canada ana siku 60 za kwenda Mahakama ya Shirikisho, na huko utahitaji mwanasheria. Lakini kabla ya yote hayo, siku ileile barua imefika, itume kwa chuo pamoja na ombi la kurudishiwa amana, utaje tarehe ya malipo na namba yako ya udahili, uombe wakujibu kwamba wamepokea.