NAMNA YA KUTOA FILME KATIKA DISKI ZA DVD BILA KUHARIBU PICHA



Wengi wametuuliza sababu gani chumba cha ordinateri kinafungwa kila jioni tangu muhula kuanza, na sisi tuko ndani, gurupu inanguruma. Kuko waliosema tunaangalia mpira. Hapana. Tulikuwa tunahamisha diski za marehemu mwalimu wetu wa kemia, na leo tunataka kueleza kazi hiyo, ili wale watakaopokea ufunguo nyuma yetu wasianze tena katika giza kama tulivyoanza sisi.

Wadogo wetu hawakumjua mwalimu huyo. Mwaka 2009 wageni walipiga filme masomo yake, saa moja na nusu kila somo, wakaacha diski tisa katika kabati la labo. Tangu dawa za labo zilipokwisha, mafinalisti wanaona kazi ya bireti paka ndani ya diski hizo. Lakini diski iliyochomwa na ordinateri si sawa na ile ya kiwandani. Ya kiwandani imepigwa chapa, vishimo vyake ni vya kudumu. Iliyochomwa imeandikwa juu ya tabaka la rangi, na rangi hiyo inaharibiwa na mwanga na joto. Kabati letu liko chini ya mabati. Mwaka huu diski mbili zilianza kusimama katikati, na nakala nyingine haiko popote. Njo maana tulifanya haraka.

Kwanza mjue kitu kilicho ndani. Picha ya DVD ya namna ya Ulaya ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, na zinapita picha 25 kwa sekunde. Kama zingeandikwa zote zima, dakika 90 zingekula gigabaiti 84 hivi. Diski ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4,7 tu. Kwa hiyo hata DVD yenyewe imekwisha kubanwa, kwa njia inayoitwa MPEG-2: inaandika picha moja nzima, kiisha katika picha zinazofuata inaandika paka kile kilichobadilika. Mwalimu anasimama mbele ya ubao. Ubao hauendi popote, mkono peke yake unatembea. Basi kwa nini kuandika ubao mara 25 kwa sekunde?

Njia mpya zaidi, H.264 ya mwaka 2003, inafanya hivyohivyo kwa akili zaidi. Inatazama nyuma picha nyingi, inakata picha katika vipande vidogo zaidi, na kwa macho yetu inatoa picha ileile kwa nusu ya uzito au chini yake. Kuko pia H.265 ya mwaka 2013 inayobana kupita hiyo, lakini ordinateri yetu ya zamani inachoka nayo, na telefone nyingi za hapa haziisomi vizuri. Tuliiacha.

Programu tuliyotumia ni HandBrake. Ni ya bure, na ikiisha kuwekwa haihitaji intaneti. Diski zetu hazina kufuli; za kuuzwa dukani mara nyingi zina kufuli, na HandBrake peke yake haiifungui. Tena filme ya mtu mwingine haikuwa kazi yetu.

Sasa tuungame kosa letu. Siku ya kwanza tulitafuta faili ndogo sana, ili kila mtu aichukue katika telefone. Tulichagua picha ya nukta 320 kwa 240 na uzito mdogo kabisa. Diski ya gigabaiti zaidi ya nne ikawa megabaiti 200 hivi, tukafurahi, tukaita hata wenzetu waje kuona. Kiisha tukafungua somo la bireti. Mwalimu anadondosha soda katika asidi yenye fenolftaleini, anasema: tazameni vizuri, sasa hivi. Hatukuona kitu. Ile rangi ya waridi hafifu, ambayo njo somo lenyewe, ilikuwa imepotea. Tuliona maji meupe, kiisha kwa ghafula waridi nzito, yaani mtu aliyekwisha kupita kipimo. Na mistari ya bireti ilikuwa ukungu. Mwanafunzi anayejifunza kwa picha ile angejifunza uongo.

Sababu yake ni hii. DVD inaandika mwanga wa kila nukta, lakini rangi inaandika mara moja kwa nukta nne, kwa kuwa jicho la mtu linashika mwanga kuliko rangi. Ukipunguza tena picha, rangi inabaki na nukta 160 kwa 120 kwa ekra nzima, na chupa ya mwalimu inapata chache tu. Juu ya hiyo, programu ikikosa nafasi inatupa kwanza tofauti ndogondogo. Waridi hafifu ni tofauti ndogo.

Basi tulianza upya. Usiiambie programu faili iwe na uzito fulani. Mwambie ubora unaotaka, kiisha uzito ujitafutie wenyewe. Katika HandBrake kuko namba ya ubora, na inaenda kinyume: namba ndogo ni picha nzuri, namba kubwa ni picha mbaya. Kwa picha ya DVD namba kati ya 18 na 22 inafaa. Sisi tuliweka 20 kwa masomo ya ubao, na 18 kwa yale ya labo. Ukipandisha kwa 6, uzito unashuka karibu nusu, na macho yatakuambia. Somo la ubao lilitoka megabaiti 600. Lile alilofundisha nje chini ya miti, majani yote yanacheza kwa upepo, lilipita megabaiti 1300, kwa namba ileile 20. Si kosa. Kila jani linalotikisika ni kazi.

Ukubwa usiuguse. Uache 720 kwa 576. Kuko mwenzetu aliyetaka tuipandishe iwe kama ya televizio mpya. Nukta ambazo kamera haikuzishika hazitazaliwa katika ordinateri, faili litanenepa tu. Lakini umbo uliangalie. Nukta za DVD si za mraba: picha ya zamani, ya 4 kwa 3, inaonekana kama 768 kwa 576, ile pana ya 16 kwa 9 kama 1024 kwa 576. HandBrake inaelewa hilo yenyewe ukiiacha. Ukilazimisha, mwalimu atakonda au atanenepa, na chupa ya duara itakuwa yai.

Jambo lililotusumbua kuliko yote ni meno. Mwalimu akiinua mkono haraka, ukingo wa mkono unakuwa kama kitana. Tulidhani diski imeoza. Kumbe kamera za wakati ule zilikamata nusu-picha 50 kwa sekunde, mara mistari ya shufwa, mara ya witiri, na televizio za zamani zilionyesha hivyohivyo. Ekra ya ordinateri inaonyesha mistari yote pamoja, basi mkono unaonekana mahali pawili. Chagua chujio linaloitwa Decomb; linagusa paka picha zenye meno, zingine linaziacha. Ukisahau kuliweka, meno yanaandikwa katika faili milele, na yanakula uzito bure.

Sauti ni nyepesi: AAC ya kilobiti 160 inatosha kwa mtu anayesema. Maandishi ya chini katika DVD ni picha, si herufi, lakini diski zetu hazikuwa nayo.

Kuhusu koranti. Gurupu inazimwa saa tatu ya usiku, na ordinateri yetu inaomba saa tatu nzima kwa somo moja. Mara mbili ilizimwa kabla ya mwisho, na faili la MP4 halikufunguka hata kidogo, kwa sababu orodha yake ya ndani inaandikwa mwishoni kabisa. Kiisha tukachagua MKV. Ikikatika, sehemu iliyokwisha kuandikwa inasomeka. Tena tulijifunza kukata kazi: dakika 45 leo, dakika 45 kesho. Na kabla ya yote, jaribu sekunde 60 za mahali pagumu. Sisi tulichukua daima ile dakika ya waridi.

Diski inayokwama usiisugue kwa kuzunguka. Chukua kitambaa laini, panguza kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Mkwaruzo wa namna hiyo mashini inaweza kuurekebisha, ule unaofuata mzunguko unaishinda. Kiisha nakili kwanza folda ya VIDEO_TS katika diski ngumu, ufanye kazi kutoka pale, si kutoka katika DVD.

Hata sasa masomo nane yamekwisha. La tisa, lile la chumvi, lilisomeka mpaka dakika ya 52, na hapo mwalimu anasimama na chaki mkononi, haendelei. Mwalimu wetu wa fizikia ameahidi kulijaribu kwa mashini nyingine mjini wakati wa likizo. Baadhi ya mashini zinasoma kile ambacho zingine zinakataa. Diski yenyewe imefungwa katika karatasi nyeusi, ofisini, mbali na mabati.

Mafaili yako katika ordinateri ya pili, na nakala katika flashi mbili, moja kwa Bwana Prefe, nyingine katika maktaba. Mafinalisti wa kemia waje Jumamosi saa nane, wenye flashi zao, nafasi ya gigabaiti 8. Tafadhali msibane tena mafaili hayo ili yaingie katika telefone; kila kubana kunakula kidogo. Anayetaka ndogo aje atuambie, tutamtolea kutoka katika nakala ya DVD.